Anayetoboa na Anayetunza: Historia ya Bolti za Wapanda Miamba

Oktoba 1875, George Anderson, Mskoti aliyekuwa akiishi katika bonde la Yosemite huko California, alifika juu ya Half Dome. Hilo ni jabali la graniti ambalo Josiah Whitney, mkuu wa upimaji wa jiolojia wa jimbo hilo, alikuwa ameandika kwamba huenda halitakanyagwa kamwe na mguu wa mtu. Anderson alilipanda kwa jasho. Alitoboa tundu, akapigilia chuma chenye kitanzi kichwani, akasimama juu ya chuma hicho ili atoboe tundu linalofuata, na nyuma yake akaacha kamba iliyofungwa kwenye vyuma ili wengine wapande. Vitabu vya historia vinamtaja, na anastahili. Lakini kisa hicho kina sehemu ya pili isiyosimuliwa sana. Anderson alifariki 1884, na kufikia wakati huo theluji na barafu vilikuwa vimeiangusha kamba na kung'oa vyuma vingi. Kiangazi cha mwaka huohuo vijana wawili, Phimister Proctor na Alden Sampson, waliifufua njia. Proctor, ambaye baadaye alikuja kuwa mchongaji sanamu mashuhuri, alirusha kitanzi cha kamba hadi kikanasa chuma kilichosalia juu yake, akajivuta, akasimama juu ya chuma hicho kwa vidole vya miguu mitupu, kisha akarusha tena. Miaka tisa tu ilikuwa imetosha kuifanya kazi ya Anderson kuwa mtego. Hoja ya makala hii inaanzia hapo. Historia ya bolti miambani imeandikwa kama historia ya ugomvi juu ya nani alikuwa na haki ya kutoboa, ilhali swali lililoamua uhai wa watu ni nani alirudi kukagua. Na utunzaji ulichelewa kwa sababu desturi ya wapandaji ilimpa sifa mtoboaji na haikumpa mtunzaji chochote.

Njia ya Anderson ilibahatika kupata mwenyewe. Mwaka 1919 chama cha Sierra Club kiliweka nyaya za chuma mgongoni mwa Half Dome, na hadi leo nyaya hizo huinuliwa juu ya nguzo kila kiangazi na kulazwa kila majira ya baridi chini ya usimamizi wa hifadhi. Kuta zinazoizunguka hazikupata mwenyewe wa namna hiyo. Bolti zenyewe, kama tunavyozijua sasa, ziliingia katika upandaji wa Marekani mwaka 1939, wakati wanachama wanne wa chama hichohicho, David Brower, Raffi Bedayn, Bestor Robinson na John Dyer, walipopanda Shiprock katika jimbo la New Mexico na kutumia bolti nne za kupanuka. Utaratibu wake ni rahisi kueleza. Unatoboa tundu, unaingiza bolti, nayo inatanuka na kubana kuta za tundu. Kichwani inashika bamba dogo la chuma lenye jicho, na mpandaji hupachika karabina, yaani pete ya chuma inayofunguka, kwenye jicho hilo, kisha kamba yake ndani ya karabina. Akianguka, uzito wake wote na kishindo cha anguko hufikia sentimita chache za chuma zilizofichwa ndani ya jiwe. Jicho la mtu huona kichwa na bamba tu, wakati sehemu inayomshikilia imo gizani. Hulka hiyo ya bolti ndiyo itakayotawala hoja yote inayofuata.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni njia ya The Nose kwenye jabali la El Capitan, hukohuko Yosemite. Tarehe 12 Novemba 1958 Warren Harding, Wayne Merry na George Whitmore walifika juu, baada ya kazi ya siku 45 iliyotawanyika katika kipindi cha miezi 18 hivi. Bolti zipatazo 125 zilibaki nyuma yao, na 28 kati ya hizo Harding alizitoboa usiku mmoja, kwa mkono, kwenye ukuta wa mwisho ulioinamia nje. Mtu anayetoboa graniti kwa nyundo na tindo hulipia kila milimita kwa mabega yake. Ndiyo maana bolti ya enzi hizo ilikuwa nyembamba ya robo inchi, na urefu wake haukufika inchi mbili. Aina iliyotumika sana ilikuwa msumari uliopasuliwa katikati, miguu yake ikiwa imetanuliwa kidogo ili ijibane inapopigiliwa. Ilitengenezewa mafundi wa ujenzi, wafungie vitu kwenye zege. Aliyeibuni hakufikiria mwili wa mtu unaoanguka, wala miaka 40 ya jua, mvua na barafu. Harding naye alitoboa ili kundi lake lipite, na kwa kusudi hilo bolti zilitosha. Lakini The Nose ikawa njia ya ukuta mkubwa iliyo maarufu kuliko zote duniani, na maelfu ya watu wasiomjua Harding wakaja kuning'inia kwenye vyuma vilivyowekwa kwa safari moja. Kosa halikuwa la mtoboaji. Lilikuwa la jamii iliyorithi kitu cha muda ikakitumia kama cha kudumu.

Wakati vyuma hivyo vikizeeka, wapandaji walikuwa wakigombana juu ya jambo jingine, na ugomvi wao ulikuwa na uzito. Mpandaji Royal Robbins aliamini kwamba anayetoboa kila anaposhindwa anaifuta maana ya kupanda. Mwaka 1961 yeye, Tom Frost na Chuck Pratt walipanda Salathé Wall, njia nyingine ya El Capitan, kwa bolti 13 tu. Reinhold Messner wa Italia aliandika makala maarufu akilalamika kwamba bolti inaua kile kisichowezekana. Mwaka 1970 Harding na Dean Caldwell walikaa siku 27 kwenye njia nyingine ya jabali hilohilo la El Capitan wakitoboa matundu zaidi ya 300. Mwanzoni mwa 1971 Robbins na Don Lauria wakaifuata njia hiyo wakikata bolti, hadi Robbins alipotambua kwamba sehemu zisizotobolewa zilikuwa ngumu kuliko alivyodhani, akaacha kukata. Mwaka huohuo wa 1970 Cesare Maestri alipandisha kompresa ya petroli kwenye mlima Cerro Torre huko Patagonia na kupigilia bolti zipatazo 400. Vijana wawili, Hayden Kennedy na Jason Kruk, waling'oa zaidi ya 100 mwaka 2012. Waliopigilia na waliong'oa wote walikuwa wakijibu swali moja: je, bolti hii ilistahili kuwekwa? Swali la nani ataikagua baada ya miaka 20 halikupata nafasi. Tena ukali wa mjadala uliongeza hatari kwa namna isiyokusudiwa, kwani pale ambapo kuweka bolti kulihesabiwa kuwa aibu, hata kuiimarisha iliyokuwepo kulionekana kama kushiriki aibu ileile.

Miaka ya 1980 idadi ya bolti ilibadilisha kila kitu. Drili za betri zilifika miambani, na mahali kama Buoux na mabonde ya Verdon nchini Ufaransa, au Smith Rock katika jimbo la Oregon, zilizaliwa njia ambazo bolti ndiyo kinga pekee kutoka chini hadi juu. Bolti ziliongezeka unene na urefu, na chuma kisichoshika kutu kikachukua nafasi ya chuma cha kawaida. Wengi waliamini kwamba tatizo limekwisha. Bahari ilionyesha kwamba halijaisha. Kwenye majabali ya chokaa ya Railay na Ton Sai katika mkoa wa Krabi, Thailand, na kwenye kisiwa cha Cayman Brac katika Karibi, bolti za chuma kisichoshika kutu zilianza kukatika ndani ya miaka michache, nyingine kwa uzito wa mtu tu. Msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja anajua jinsi upepo wa chumvi unavyokula mabati na nondo, lakini kutu hiyo angalau hujionyesha. Hii ya Krabi hufanya kazi kwa siri. Kloridi ya bahari hujikusanya juu ya chuma, hasa kwenye kuta zilizoinamia nje ambazo mvua haizioshi. Chuma chenyewe kimo katika mkazo, kwa kuwa kilikunjwa kiwandani na nati imekikaza. Nyufa nyembamba kuliko unywele huanza kuingia ndani huku uso wa nje ukibaki unang'aa, au ukionyesha madoa madogo ya kahawia.

Wahandisi walikuwa wameiona hali hiyo kabla. Mei 1985, dari ya zege ya bwawa la kuogelea la ndani katika mji wa Uster, Uswisi, ilianguka na kuua watu 12. Ilikuwa imetundikwa kwa fimbo za chuma kisichoshika kutu zilizopasuliwa na kloridi ya hewa ya bwawani. Maarifa yalikuwepo, lakini hayakuwafikia watu waliokuwa wakipigilia bolti ufukweni, kwa sababu hapakuwa na chombo chenye wajibu wa kuyabeba kutoka kwa mhandisi hadi kwa mpandaji. Dawa iliyopatikana baadaye ni bolti za titani zinazogandishwa kwa gundi ndani ya tundu. Titani haipasuki katika mazingira hayo, ila bei yake ni kubwa mara kadhaa. Leo shirikisho la kimataifa la vyama vya upandaji milima, UIAA, lililoundwa 1932, linazigawa bolti kwa madaraja kulingana na uwezo wa kustahimili kutu, ili anayechagua ajue lipi linafaa pwani na lipi linafaa bara. Hivyo hata chuma kizuri hakikuondoa haja ya mtunzaji. Kilihamisha tu mahali pa kuangalia.

Utunzaji kama kazi yenye jina na utaratibu ulipata sura nchini Marekani mwaka 1998, Chris McNamara, mpandaji aliyezijua kuta za El Capitan vizuri, alipoanzisha American Safe Climbing Association, chama kisicho cha faida chenye lengo la kubadilisha bolti zilizochakaa. Kwa sababu drili za mashine zimepigwa marufuku kwenye kuta za Yosemite, kazi kubwa hufanywa kwa mkono kama enzi za Harding. Mtunzaji aning'iniaye kwenye kamba huanza kwa kutazama. Je, bamba linazunguka likisukumwa kwa kidole? Kuna mchirizi wa kutu chini yake? Ukingo wa tundu umemeguka? Kisha huchomeka chuma chenye ncha mbili kati ya bamba na mwamba na kukigonga kwa nyundo, kikiisukuma bolti itoke. Bolti nyingi za zamani hutoka kwa urahisi wa kutisha. Baada ya hapo hulipanua tundu lilelile. Hugonga tindo, huizungusha kidogo, hugonga tena, na kila mara hupuliza vumbi kwa mrija, kwa kuwa vumbi lililobaki hupunguza mbano. Mwisho huingiza bolti mpya, nene na ndefu zaidi, na kukaza nati kwa nguvu iliyopimwa, kwani iliyolegea hucheza na iliyokazwa kupita kiasi huumia. Tundu moja kwenye graniti ni kazi ya nusu saa au zaidi. Matokeo yake ni kishikizo kinachokusudiwa kufikia kanuni za leo, zinazotaka kivumilie kilonyutoni 25 kikivutwa kuelekea chini, karibu sawa na uzito wa tani mbili na nusu. Mtu atakayepita wiki ijayo hatajua nani alifanya hivyo.

Kuna watakaosema kwamba hakuna wajibu hapa, kwamba anayepanda jabali amejitakia hatari na asimdai mtu yeyote chochote. Hoja hiyo ina heshima yake, na ni kweli kwa sehemu kubwa ya upandaji. Kwenye miamba ya mchanga-mgumu ya kaskazini mwa Uingereza, ambako desturi imekataa bolti kwa vizazi, mpandaji huchomeka vifaa vyake mwenyewe ufani, huvivuta, huvitazama, na kuamua kama aendelee. Hatari yake ni kubwa, lakini anaijua. Bolti huondoa uwezo huo wa kupima. Inasema kwa uwepo wake tu kwamba mtu mwingine amekwisha kupima kwa niaba yako. Ndiyo maana bolti mbovu ni mbaya kuliko kutokuwepo kwa bolti. Asiyeiona atageuka au atatafuta kinga nyingine, lakini anayeiona ataiamini na kupita mahali ambapo asingethubutu. Mtu hawezi kukubali hatari aliyofichwa. Kwa hiyo anayeacha chuma mwambani anaacha ahadi kwa watu asiowajua, na ahadi hiyo haiishi siku aliyoshuka.

Wengine wanakuja kwa upande wa pili: kama bolti ni ahadi nzito kiasi hicho, basi ziondolewe, jabali lirudi lilivyokuwa. Au wanasema bolti za zamani ni sehemu ya historia, na kuziimarisha ni kuipunguzia njia ujasiri wa waliotangulia. Katika hili si kila jibu ni moja. Shiprock ni mahali patakatifu kwa Wanavajo, nao wamezuia upandaji huko tangu 1970. Hakuna hoja ya usalama inayoweza kumpa mgeni ruhusa ya kwenda kubadilisha bolti za 1939 bila ridhaa yao. Mahali kama hapo utunzaji sahihi ni kuacha. Lakini mahali ambapo watu wanaruhusiwa na wanaendelea kupanda, kuacha hakulindi historia. Ujasiri wa njia umo katika umbali kati ya bolti moja na nyingine, katika ugumu wa hatua, katika kuamua kuendelea. Haumo katika kutu. Ndiyo maana watunzaji makini hufuata kanuni ya bolti moja kwa moja: moja itoke, moja iingie, katika tundu lilelile pale inapowezekana, bila kuongeza hata moja. Kwa kanuni hiyo, njia ya 1961 yenye bolti 13 ingebaki na bolti 13. Aliyepima moyo wake kwenye mwanya mrefu anaupata vilevile, isipokuwa chuma kilicho chini yake sasa kinafanya kazi kiliyowekewa. Robbins mwenyewe, alipoacha kukata mwaka 1971, alionyesha kwamba njia ina thamani isiyohesabika kwa idadi ya matundu tu.

Pingamizi zito zaidi ni la sheria. Mwenye ardhi huogopa kwamba akiruhusu bolti kubadilishwa atabebeshwa lawama ya ajali, na mtunzaji huogopa kwamba akiigusa bolti itakuwa yake. Hofu hiyo ndiyo imeacha vyuma vingi bila mwenyewe. Marekani imepita katika mvutano huo mbele ya macho ya wote. Sheria ya nyika ya 1964 inakataza mashine na kujenga vitu vya kudumu katika maeneo yaliyotengwa. Novemba 2023 idara za hifadhi na misitu zilitoa rasimu ambazo zingezihesabu bolti kuwa miundo iliyokatazwa mpaka zipate kibali maalumu. Wapandaji walipinga, na hoja yao yenye nguvu haikuwa uhuru wa kutoboa upya. Ilikuwa kwamba, kama kila bolti inahitaji kibali, zilizooza zitabaki zikingoja karatasi huku watu wakizitumia. Januari 2025 sheria ya EXPLORE ilitiwa saini, nayo inatambua katika maeneo hayo kuweka bolti, kuzitumia na kuzitunza. Kutajwa kwa neno la tatu ndani ya sheria ni hatua kubwa. Miaka 141 baada ya Proctor na Sampson, utunzaji umeandikwa mahali pamoja na utoboaji. Lakini sheria inaruhusu tu. Haimtumi mtu kupanda na nyundo, wala haimnunulii bolti.

Kinachobaki ni desturi, na desturi hujengwa kwa sifa na kwa kumbukumbu. Vitabu vya mwongozo wa njia huandika jina la aliyepanda kwanza na mwaka wake, na ni vizuri. Viandike pia nani alibadilisha bolti, mwaka gani, kwa chuma cha aina gani na unene gani. Mali bila daftari hupotea bila habari, na bolti zisizo na daftari hupotea pamoja na watu. Hili linatuhusu hapa kwetu pia. Kenya ina historia ndefu ya upandaji miamba huko Lukenya na Hell's Gate, na Mountain Club of Kenya imekuwepo tangu 1949. Sehemu nyingi za pwani ya Afrika Mashariki zina majabali ya mawe ya matumbawe yenye joto na chumvi, hali zinazofanana na zile zilizokata vyuma vya Krabi. Atakayetamani kufungua njia huko asianze kwa drili. Aanze kwa kujibu maswali matatu: mwenye ardhi na wenyeji wameridhia? Chuma gani kinafaa hewa hii? Na nani, kwa jina, atarudi kukikagua mwaka ujao na miaka kumi ijayo? Kama swali la tatu halina jibu, mwamba huo uachwe bila tundu.